Michoro ya Miambani na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutajwa pale panapozungumziwa biashara na hesabu za fedha, lakini inafaa vilevile kwa amana ambayo wakazi wa kale wa Afrika Mashariki waliiacha juu ya mawe. Katika vilima vya Chelelemuk, kaunti ya Busia, kuna jabali la Kakapel lenye picha nyekundu na nyeupe. Katika kisiwa cha Mfangano, ndani ya Ziwa Victoria, kuna picha za Mawanga na Kwitone. Karibu na Lokori, kusini mwa Turkana, kuna mawe ya makaburi yaliyochongwa alama. Ng'ambo ya mipaka ya Kenya kuna Nyero nchini Uganda na Kondoa nchini Tanzania. Mali ipo. Daftari nalo lipo, ila limeandikwa kwa lugha ambayo wengi wa wanaoishi kandokando ya mawe hayo hawaisomi kwa raha, na tena limehifadhiwa mbali nao.

Makala haya yanashikilia kwamba kuhifadhi michoro ya miambani si kazi ya mwanaakiolojia peke yake. Ni kazi ya mwenye lugha pia. Maadamu maarifa kuhusu michoro hiyo yamebakia katika vitabu vya Kiingereza, na maadamu mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuhitimu bila kuisikia ikitajwa hata mara moja katika masomo yake, michoro hiyo itaendelea kufutika, na hakuna ua wala sheria itakayoiokoa.

Yafaa kwanza kueleza kinachozungumziwa. Michoro ya miambani ya Afrika Mashariki ni ya aina nyingi. Kondoa, picha za zamani zaidi ni nyekundu, na huonyesha watu waliorefushwa, wanyama kama vile twiga, pofu na ndovu, pamoja na matukio ya uwindaji. Picha nyeupe zilizokuja baadaye huhusishwa na jamii za wakulima. Mfangano, Kakapel na Nyero, zilizo katika eneo la ziwa na magharibi mwa Bonde la Ufa, zina picha za namna nyingine: miduara iliyozungushiana, mizunguko kama ya ganda la konokono na mistari inayotoka katikati kama miale ya jua. Rangi nyekundu ilitokana na ngeu, ule udongo mwekundu wenye madini ya chuma ambao maseremala wa pwani waliutumia kupigia mistari juu ya mbao. Nyeupe ilitokana na udongo mweupe. Huko Lokori hakuna rangi. Alama zilichongwa katika jiwe lenyewe.

Nani aliyechora? Wakazi wa Mfangano na wa magharibi mwa Kenya wamepokezana masimulizi kwamba picha za kale ni kazi ya Watwa, wawindaji waliokuwapo kabla ya jamii za sasa kufika. Kwa muda mrefu msomi mwenye haraka angeweza kuyapuuza masimulizi hayo na kuyaita ngano tu. Hata hivyo, mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mabaki ya watu wa kale wa Afrika, akiwemo mtu aliyezikwa Kakapel takriban miaka 3,900 iliyopita. Vinasaba vyake vilionyesha unasaba na wawindaji wa misitu ya Kongo kama vile Wambuti. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba mtu huyo au jamaa zake ndio waliochora jabali hilo. Yanaonyesha tu kwamba kumbukumbu ya wazee haikuwa porojo: watu wa namna inayosimuliwa walikuwapo kweli. Mwaka 2024 watafiti wengine walieleza kwamba jabali hilohilo limekuwa makao ya binadamu kwa vipindi mbalimbali tangu takriban miaka 9,000 iliyopita, na kwamba punje ya kunde iliyopatikana hapo ina umri wa takriban miaka 2,300.

Mfano wa Lokori ni wa wazi zaidi. Katika miaka ya 1970 watafiti Mark Lynch na Lawrence Robbins walizilinganisha alama zilizochongwa juu ya mawe ya makaburi na chapa ambazo Waturkana huwatia mifugo wao, wakaona kwamba nyingi zinafanana. Jambo ambalo mgeni angelitazama kama pambo lisiloeleweka, mfugaji aliweza kulisoma. Ufunguo wa mchoro ulikuwa katika ujuzi na maneno ya watu wanaoishi karibu nao. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapoingia, na anaingia kwa haki yake mwenyewe, si kama mgeni aliyekaribishwa na idara nyingine.

Michoro hii inaharibika. Mvua, jua, upepo, viota vya nyigu na mizizi ya miti hufanya kazi yao polepole, na hayo hayana wa kulaumiwa. Uharibifu wa haraka hutoka kwa binadamu. Wapo wanaowasha moto chini ya jabali na kuacha masizi yafunike picha. Wapo wanaopasua mawe ili kupata kokoto za ujenzi. Wapo wageni wanaomwagia picha maji ili rangi ing'ae kwa ajili ya kupiga picha, wasijue kwamba maji huhamisha chumvi za mwambani na kuacha utando mweupe usioondoka kwa urahisi. Huko Kondoa wapo waliochimba chini ya majabali wakitafuta hazina inayosemekana kuzikwa na Wajerumani. Picha za Kakapel ziliwahi kuandikwa majina juu yake, hadi ikabidi wataalamu waitwe kuyaondoa.

Hata mapenzi yasiyo na maarifa huua. Pango la Lascaux nchini Ufaransa lilifunguliwa kwa umma baada ya Vita Vikuu vya Pili, wageni wakamiminika, na pumzi zao pamoja na mwanga wa taa vikaleta ukungu wa kijani na madoa juu ya picha zilizokuwa zimedumu maelfu ya miaka. Serikali ililazimika kulifunga mwaka 1963, na mwaka 1983 ikafunguliwa nakala yake ili watu watazame hiyo badala ya asili. Ufaransa ilikuwa na fedha za kujenga nakala. Jabali la kijijini halina nakala.

Je, sheria haitoshi? Kakapel ilitangazwa kuwa mnara wa kitaifa mwaka 2004. Kenya ina Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, na Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Mwaka huohuo wa 2006 Kondoa iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia, eneo lenye kilomita za mraba 2,336 na majabali yanayokisiwa kuwa kati ya 150 na 450 yenye picha. Haya yote ni mema na ya lazima. Lakini nani atakayesimama mbele ya kila jabali katika eneo la ukubwa huo, usiku na mchana? Mlinzi halisi ni mchungaji anayepita hapo na mbuzi wake, ni mama anayeokota kuni, ni mtoto anayetoka shuleni akiwa na kipande cha makaa mkononi. Kijana anayeandika jina lake juu ya picha ya miaka elfu si adui wa taifa. Aghalabu ni mtu ambaye hakuambiwa kitu. Asiyejua maana haambiwi maana; na hawezi kuijua iwapo hakuna aliyeichukua taabu ya kumweleza kwa lugha anayoielewa.

Tatizo ni kwamba maelezo yako kwingine. Mary Leakey, aliyenakili picha za Kondoa mwaka 1951, alizichapisha katika kitabu cha Kiingereza mwaka 1983, na jina la kitabu hicho, Africa's Vanishing Art, linazungumzia sanaa inayotoweka. Fidelis Masao, mwanaakiolojia wa Tanzania, alichapisha utafiti wake kuhusu picha za Tanzania ya kati mwaka 1979, nao pia ni wa Kiingereza. Shirika la TARA, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996, limepiga picha za michoro katika nchi nyingi za bara hili, na takriban picha 25,000 kati ya hizo zimehifadhiwa kidijitali na Makavazi ya Uingereza jijini London. Wote hao wanastahili shukrani. Lawama haiwaendei walioandika kwa Kiingereza. Inawaendea wenye Kiswahili ambao hawakuandika.

Kazi ya kwanza inayomsubiri mwanafunzi wa Kiswahili ni ya istilahi. Chukua kitenzi kuchora. Katika matumizi ya zamani kilibeba maana ya kutia alama kwa kukata au kukwaruza kitu kigumu, kama fundi anavyochora mlango. Leo hutumika zaidi kwa kalamu na karatasi. Mtoto akiambiwa kwamba jabali fulani limechorwa, hajui kama lilipakwa rangi au lilichongwa, na akiambiwa asilichore, anasikia kitenzi kilekile kikitajwa kwa mchoraji wa kale na kwa mharibifu wa leo. Tofauti hii si ya kisarafu tu. Rangi huharibiwa na maji na vidole, ilhali mchongo huharibiwa na kusuguliwa na kukanyagwa. Atakayehifadhi lazima ajue anahifadhi nini. Pengine ingefaa neno michoro ya miambani liwe la jumla, chini yake kuwe na picha za rangi na michongo, na kitendo cha mharibifu kiitwe kuchorachora, neno ambalo tayari lina maana ya fujo.

Chukua pia neno pango. Vitabu na magazeti hupenda kusema picha za mapangoni, na msomaji huwaza shimo refu lenye giza kama lile la Lascaux. Picha nyingi za Afrika Mashariki haziko humo. Ziko chini ya mwamba uliojitokeza mbele na kufunika mahali kama upenu unavyofunika ukuta wa nyumba, mahali penye mwanga ambapo mtu, mbuzi na mvua ya upepo vyote hufika. Upenu wa mwamba lingekuwa jina sahihi zaidi, nalo lingemwonyesha msomaji mara moja kwa nini picha hizo ni rahisi kudhurika. Chukua hatimaye neno mbilikimo, ambalo bado hutumika kuwataja Watwa. Ni neno linalompima binadamu kwa kimo chake. Somo linalowataja hivyo wale wanaosadikiwa kuwa wasanii wa kale litakuwa limewadharau kabla halijaanza, na mwanafunzi hatahifadhi kazi ya mtu aliyefundishwa kumdharau.

Kazi ya pili ni ya fasihi simulizi. Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vikuu hutumwa nyanjani kukusanya tanzu. Wengi hurudi na vitendawili na methali ambazo zimeshachapishwa mara nyingi, na kazi zao huishia katika makabati ya idara. Majabali yana masimulizi yake: visasili vya mvua, mighani ya wahamiaji, visa vinavyoeleza asili ya majina ya mahali. Mfangano, mahali penye picha palihusishwa na ibada za kuomba mvua. Turkana, jina Namoratunga hufungamana na kisa cha wacheza ngoma waliogeuka mawe. Masimulizi haya yako vinywani mwa wazee, na wazee hawangoji ratiba ya muhula.

Hali ya Mfangano ni ya kutia hofu zaidi. Kisuba, lugha ya wenyeji wa kisiwa hicho, imemezwa kwa kiasi kikubwa na Kiluo, na watoto wengi hawaizungumzi tena. Picha zinaweza kubaki mwambani ilhali maneno yaliyozitaja yamekufa. Siku hiyo kisiwa kitakuwa na miduara mizuri ya rangi, lakini hakuna atakayejua iliitwaje, ni nani aliyeruhusiwa kuikaribia, wala ni maneno gani yaliyotamkwa mbele yake mvua ilipokawia. Huo nao ni uharibifu, ingawa hauonekani katika picha za kabla na baada.

Zipo hoja za kupinga, na si haki kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba kazi hii si ya Kiswahili; idara za historia na akiolojia zipo. Jibu ni kwamba hakuna anayemtaka mwanafunzi wa Kiswahili apime umri wa rangi au afukue udongo. Anatakiwa afanye alichosomea: kuunda istilahi, kutafsiri, kukusanya masimulizi na kuandika kitabu ambacho mtoto wa darasa la tano anaweza kukisoma. Mwanaakiolojia hawezi kumfanyia kazi hiyo, kama ambavyo yeye hawezi kumfanyia mwanaakiolojia ya kwake.

Ya pili ni kwamba kuitangaza michoro ni kuwaelekeza waharibifu mahali ilipo. Hoja hii ina uzito, na mfano wa Lascaux unaipa nguvu. Lakini wanaopasua mawe na kuwasha moto ni watu wanaoyajua majabali hayo tayari. Kinachokosekana kwao ni sababu ya kuyaacha. Mahali ambapo hapajulikani na wageni na hapana mlinzi, ni busara kufundisha thamani yake kwa wenyeji bila kuchapisha njia ya kufika. Kufundisha na kutangaza ni mambo mawili tofauti.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: kwamba Kiswahili chenyewe ni lugha kubwa inayoweza kuzimeza lugha ndogo, na kukipeleka Mfangano au Chelelemuk ni kuongeza mzigo juu ya Kisuba na Kiteso. Hatari hiyo ni ya kweli. Njia ya kuiepuka ni kuandika masimulizi kwanza kwa lugha ya msimulizi, kama alivyoyatamka, kisha kuweka tafsiri ya Kiswahili kando yake. Kwa njia hiyo Kiswahili kinakuwa daraja, na Kifungu cha 7 cha Katiba, kinachoitaka serikali ilinde anuwai ya lugha za Wakenya, kinapata maana. Mwanafunzi atakayeandika Kiswahili pekee na kuitupa kanda yenye sauti ya mzee atakuwa mharibifu mwingine, tofauti na mwenye makaa kwa shahada yake tu.

Liko pia suala la heshima. Katika majabali ya Chongoni nchini Malawi, yaliyoingia katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2006, picha nyeupe za wakulima Wachewa zimefungamana na unyago wa wasichana na jamii ya siri ya nyau. Kolo, huko Kondoa, matambiko bado hufanyika, na yamewahi kuhusisha kumwagia mwamba pombe, jambo linalowatia wahifadhi wasiwasi. Nani mwenye haki zaidi, mwenye tambiko au mwenye picha? Hakuna jibu la mkato. Lililo wazi ni kwamba mazungumzo hayo hayawezi kufanyika kwa amri iliyobandikwa kwenye ubao. Yanahitaji watu wanaojua kusikiliza, kuuliza kwa adabu, na kukubali kwamba yapo maneno ambayo mzee hatayatoa na ambayo mtafiti hana ruhusa ya kuyachapisha.

Somo lenyewe linaweza kupangwa bila gharama kubwa. Kabla ya safari, wanafunzi wasome habari za mahali hapo na wakubaliane juu ya istilahi watakazotumia. Wanapofika, waanze kwa mwenye mahali, si kwa jabali; mzee apewe salamu na ruhusa iombwe. Mbele ya picha, wasimame hatua kadhaa nyuma, wasiguse, wasimwage maji, wasipitishe chaki juu ya mistari ili ionekane. Kila mmoja aeleze kwa maandishi anachokiona kabla hajaambiwa maana yake, kwa sababu jicho lililokwisha kuambiwa huacha kutazama. Kisha wasikilize masimulizi, wayanukuu, na wayahariri. Na baada ya miezi michache warudi, wakiwa na nakala mbili za kitabu kidogo: moja ya shule ya karibu, nyingine ya mzee aliyewasimulia, hata kama atasomewa na mjukuu wake.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Jamii nyingi zimewaona watafiti wakija na madaftari na kuondoka nayo. Kijiji kikiona kitabu kimerudi, na ndani yake jina la babu yao aliyesimulia, jabali linabadilika machoni mwao; linakuwa mali yenye daftari, na daftari hilo liko nyumbani.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vimekuwa vikiandaa makongamano, mashindano ya mashairi na, tangu UNESCO iitangaze mwaka 2021, sherehe za Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai. Hayo yaendelee. Lakini kila chama kikichagua jabali moja tu, na kila mwaka kikatoa kitabu kimoja chembamba kuhusu jabali hilo, mtoto wa Chelelemuk au wa Mfangano atakuwa na cha kusoma kuhusu kwao, kwa lugha anayoijua. Wahadhiri wanaweza kuikubali kazi hiyo kuwa sehemu ya alama za nyanjani, badala ya mkusanyiko mwingine wa methali zilezile. Wasanii wa kale walitumia ngeu na vidole vyao, na picha zao zimengoja kwa karne nyingi. Mwanafunzi wa Kiswahili ana kalamu, ana kinasa sauti katika simu yake, na ana lugha inayofika kila upande wa mipaka hii. Kilichobaki ni aanze.